Siku Walipovuta Vishikio

Vibanio vilikuwa sita. Asubuhi ile ya Jumamosi vilikuwa vitano.

Mkunjaji alisimama mbele ya ubao wa zana, mkoba wa safari ungali begani, akahesabu tena kwa kidole kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali. Kwenye ubao ule kila zana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, mkasi juu ya umbo la mkasi, ndoano juu ya umbo la ndoano, na vibanio, kila kimoja sawa na kidole gumba, juu ya maumbo sita. Umbo moja lilikuwa tupu. Lilimkodolea macho kama pengo la jino.

Sheria ya karakana ile ya parachuti ilikuwa fupi: zana ikikosekana, ndege hairuki. Haikuandikwa kwa mapambo. Kibanio hushika mikunjo ya mwavuli wa akiba wakati unakunjwa, na mwavuli wa akiba ndio ule wa pili, ule anaouvuta mrukaji pale mwavuli mkubwa unapomsaliti angani. Ukikisahau kibanio ndani, siku hiyo mwavuli utatoka umebanwa kama godoro lililofungwa kamba, na mtu atakwenda nao hivyo hivyo mpaka chini. Mwavuli wa tatu haupo.

Alikuwa ametoka kumuuguza mama yake hospitali, siku sita. Kazini hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Kumi na Saba, namba ya muhuri wake. Kila mwavuli wa akiba ukishakunjwa na kufungwa, hutiwa uzi mwekundu na lakiri ndogo ya madini ya risasi, na lakiri hubanwa kwa muhuri wa aliyekunja. Mtu akifa, hakuna haja ya kuuliza huku na huku. Namba inasema.

Aligeuka kutazama mifuko minane ya mgongoni, kila mmoja na mwavuli mkubwa na wa akiba ndani, iliyoning'inia ukutani tayari kwa maonyesho. Nyuzi nyekundu, nane. Lakiri, nane. Akasogea, akasoma. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba, mpaka mwisho wa ukuta.

Hakuwa amekunja hata mmoja.

"Mama Pacha," aliita, bila kupaza sauti.

Mkunjaji mwenzake alikuwa amejikunyata nyuma ya cherehani, miguu imefunikwa na lundo la bendera za maonyesho. "Dada, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Shemeji."

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa bosi. Bosi alimwita shemeji, basi na karakana nzima ikamwita hivyo hivyo, hata yule wa kuleta mafuta ya ndege. Alisoma kukunja kwa wiki mbili na hakuwa na muhuri.

"Minane? Kwa siku ngapi?"

"Moja."

Mwavuli mmoja wa akiba, kwa mikono inayojua, ni saa tatu. Kumi na Saba alivuta droo ya meza yake. Kufuli lilikuwa limevunjwa na kurudishwa mahali pake kwa adabu, kama mwizi anayefunga mlango akitoka.

"Bosi alisema muhuri ni mali ya kampuni," Mama Pacha alinong'ona. "Mimi niliambiwa nishone bendera, dada. Nikashona bendera."

Kumi na Saba hakumlaumu. Alikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko kamba za parachuti, na ndani yake alikuwamo yeye mwenyewe. Alikumbuka benchi za wakunjaji zilivyoondolewa ili wakunje wamesimama, eti aliyesimama hasinzii. Alikumbuka ubao wa zana ulivyohamishiwa nyuma ya mlango, eti unawatisha wageni. Na alikumbuka siku Fundi Mkuu, mzee aliyemfundisha kazi, alipokwenda kusimama mbele ya ndege akisema hairuki. Wakamtoa getini na sanduku lake, na wakunjaji wote wakatazama viatu vyao. Yeye pia. Viatu vile alikwisha kuvitupa. Aibu haikutupika.

Leo watu wanane wangeruka juu ya uwanja mpya wa michezo, na vifo vyao, vikitokea, vingekuwa na namba yake.

"Twende, twende!"

Ndiye bosi. Twende ilikuwa salamu yake, dua yake na kwaheri yake, na kwa hiyo watu walimwita Bosi Twende, akiwa hayupo. Nyuma yake waliingia warukaji wanane wamevaa ovaroli za buluu, wakicheka na kutaniana.

"Kumi na Saba! Karibu kazini. Mama hajambo? Haya, wavishe watu. Uwanja umejaa, mgeni rasmi ameshakaa."

"Mama hajambo. Ndege hairuki."

Bosi alicheka kwanza. "Ndege haifanyi nini?"

"Kibanio kimoja hakipo."

"Kibanio! Nitakununulia kumi."

"Sitaki kumi. Nataka kile."

Shemeji akajitokeza, simu mkononi. "Labda kilianguka chini tu, dada. Mimi nilikunja vizuri."

"Ulipomaliza, ulihesabu zana?"

"Kuhesabu?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa ahesabu nywele zake.

Mmoja wa warukaji, kijeba mwenye kifua mbele waliyemwita Jogoo, akaingilia. "Mama, kila mtu abaki na lake. Wewe kunja, sisi turuke. Mimi nimeruka mara mia nne na sijawahi kuvuta akiba hata siku moja."

"Ndiyo maana hujui kama unayo."

Wenzake wakaangua kicheko. Jogoo akajifanya anakaza mkanda.

Kumi na Saba alishusha mkoba wake, akautoa mfuko wa kwanza ukutani na kuulaza juu ya meza ndefu ya kukunjia. Hapo Bosi Twende alielewa. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu na mtu. "Sikiliza. Ukivuta kishikio hicho, umemwaga unga. Miaka kumi na tisa yako, kwaheri."

Kumi na Saba alishika kishikio. Alivuta.

Springi iliruka *twaa* kama chura aliyekanyagwa, ikachomoa kitambaa cheupe nyuma yake. Uzuri wa kishikio ni huo: mwavuli ukishatoka, hakuna bosi duniani awezaye kuurudisha ndani kwa mdomo. Ni saa tatu za mikono ya mtu. Aliutoa wote, pima kwa pima, akapapasa kila mkunjo. Hakuna kitu.

Wa pili. Mikunjo imekwenda segemnege, kama shati la mlevi, lakini kibanio hakuna.

Wa tatu. Hakuna.

"Mitatu!" Bosi alipiga kofi ukutani. "Umeniharibia mitatu! Nimwambie nini mgeni rasmi?"

Kumi na Saba alitupa jicho sakafuni. Je, kama kweli kilianguka chini, kikafagiwa, kikaenda na taka? Angekuwa amemwaga unga wa nyumba nzima, na dawa za mama humo humo, kwa kipande cha chuma kisichozidi kidole. Mikono yake haikungoja jibu. Ilikwisha kuushusha mfuko wa nne, ule wa Jogoo.

Springi iliruka. Kitambaa kilitoka. Aliushika mwavuli kwa juu, akaukung'uta, na mwavuli haukufunguka. Akaukung'uta kwa nguvu zaidi. Ulibaki umekusanyika shingoni kama ufagio. Aliingiza vidole viwili katikati ya mikunjo, akabonyeza, na kibanio cha sita kikaanguka juu ya meza, kikalia *ting*.

Chumba kizima kilisikia pumzi ya Jogoo ikimtoka. Akakaa sakafuni palepale, kifua kikarudi ndani.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Bosi Twende, na aliipata haraka mno. "Haya! Kimepatikana, tushukuru! Basi minne iliyobaki haina neno. Wanne wanatosha, watu watapiga makofi. Twende!"

Nesi, mwanamke mwembamba aliyeshinda wodini siku tano za juma na kuruka Jumamosi, alikuwa amekwisha kujivika mfuko wake, sawa na wenzake watatu ambao mifuko yao haikufunguliwa. Aliuliza taratibu, kama anavyouliza mgonjwa amekula nini. "Hiyo minne, aliikunja nani?"

Shemeji alikuwa akitazama simu iliyozimika.

Nesi aliweka mkono kifuani, upande wa kushoto, pale kishikio cha akiba kinapokaa. Akamtazama bosi usoni. Akavuta. *Twaa!* Kitambaa cheupe kikamwagika mgongoni kwake mpaka sakafuni. Mwalimu, nahodha wa timu, akafuata. *Twaa!* Fundi magari akavuta. *Twaa!* Wa nane, muuza vitabu asiyejulikana kusema neno, akavuta kwa mikono miwili na kupiga ukelele uliowashtua wenzake kuliko springi. Karakana ikawa nyeupe. Jogoo, ambaye hakuwa na cha kuvuta, aliinuka, akakiokota kibanio mezani na kwenda kukitundika kwenye umbo lake.

"Mmefukuzwa! Wote!" bosi alipiga kelele.

"Sawa," alisema Mwalimu. "Mgeni rasmi utamrukia wewe. Shemeji atakukunjia."

Walicheka mpaka Mama Pacha akalazimika kushikilia cherehani. Mlangoni alikuwa amesimama rubani, amechelewa kujua lakini si kuelewa. Aliutazama ukuta mtupu, akainama, akautia ufunguo wa ndege ndani ya soksi.

"Mimi naendesha ndege," alisema. "Siendeshi jeneza."

Simu ya bosi ililia. Kamati ya maonyesho. Ilikatika, ikalia tena. Maonyesho yalikuwa ya siku mbili, na Jumapili bado ilikuwa nzima mbele yao. Bosi aliitazama simu, akamtazama Kumi na Saba, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akasubiri mkunjaji aseme.

Alisema. Muhuri unalala mfukoni mwa mwenye muhuri, si kwenye droo. Ubao unarudi ukutani mbele ya macho ya kila mtu, na unahesabiwa kwa sauti kabla injini haijawashwa. Na yeyote atakayesema "simama", awe mkunjaji, mrukaji au anayefagia, ndege inasimama, haulizwi yeye ni nani.

"Imekwisha?"

"Haijakwisha. Kila Jumapili, kiti kimoja cha ndege ni cha mkunjaji."

"Kiti kina mteja!"

"Ulitushusha ndegeni miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa Jumanne, ulivaa shati la mistari. Zamani kila mkunjaji aliruka na mwavuli uliotoka kwenye meza hii. Anayejua kwamba kesho anaweza kuruka nao, hakunji ovyo. Wewe ukatushusha, ndipo ukaanza kuona saa tatu ni nyingi."

Simu ililia mara ya tatu. Bosi aliandika yote nyuma ya ratiba ya maonyesho, kwa mwandiko wa mtu anayeumwa jino, na warukaji wanane na rubani wakatia sahihi kama mashahidi.

Wakunjaji wawili walifunga vibwebwe. Walikunja mchana kutwa, wakaendelea alfajiri, wamekaa juu ya benchi ambazo Jogoo na fundi magari walizibeba kutoka stoo bila kuagizwa. Kila mwavuli ulipofungwa, Shemeji alisimama mbele ya ubao na kuhesabu kwa sauti, vibanio sita, ndoano tatu, mikasi miwili, na akikosea walimrudisha mwanzo. Kufikia wa tano alikuwa hakosei. Wa tisa ulikunjwa na Mama Pacha peke yake, ukatiwa namba yake mwenyewe, na ulikuwa wa Kumi na Saba, pamoja na mwavuli mkubwa alioukunja yeye vilevile.

Jumapili alasiri walipanga mstari kando ya ndege, kila mtu akimkagua mwenzake, mbele kisha nyuma. Pini ya akiba? Imenyooka. Uzi? Mzima. Kishikio? Kimekaa. Mikanda ya miguu? Vuta. Saa ya kupima kimo? Inasoma sifuri. Yote yalikuwa sawa, isipokuwa upepo. Bendera za Mama Pacha zilikuwa zimenyooka kama mbao.

"Tunangoja," alisema Nesi.

Dakika arobaini walingoja, watu uwanjani wakipiga miluzi, na Bosi Twende akatembea huku na huko, midomo imefumbwa kama aliyeshika maji kinywani. Bendera zikalegea. Ndipo rubani akautoa ufunguo ndani ya soksi yake.

Juu, mlango ukiwa wazi, walikaguana tena. Kumi na Saba alikuwa wa mwisho. Miaka kumi na moja! Kiti kilimwambia rudi, upepo ukamwambia njoo, naye akaupa upepo haki yake.

Alianguka akipiga kelele za kumtukana kila aliyemnyima jambo hili, kwa tarehe na mwezi, na hewa ikamrudishia matusi yake mdomoni. Saa ya kimo ilipomwambia, alivuta. Kitu kikamshika mabega kwa upole na nguvu. Akatazama juu: mwavuli mkubwa umejaa, kona zote zipo, kamba zimenyooka. Akatazama chini: minane, ya kila rangi, ikizunguka taratibu juu ya uwanja, na kila mmoja una mtu mzima chini yake. Na hakuna hata mmoja uliokuwa mweupe wa akiba.

"Na yule wa tisa ni nani?" kipaza sauti kiliuliza. "Ratiba yetu ina wanane!"

Jogoo alikuwa tayari ametua, na hakuhitaji kipaza sauti. "Ndiye anayetukunjia!" aliwika. Uwanja ukalipuka.

Kumi na Saba alitua kwa makalio, akaburutwa pima mbili juu ya nyasi, akabaki amelala akicheka, mchanga kwenye meno. Mama Pacha alifika mbio, amekwisha pumzi, akiukagua mwavuli kabla hajamkagua mtu.

"Umefunguka?" aliuliza. "Umefunguka vizuri?"

"Kama mlango wa kwetu. Jumapili ijayo ni zamu yako."

"Mimi? Mimi naogopa hata ngazi!"

"Ndiyo vizuri," alisema Kumi na Saba, akimpa mkono amwinue. "Utahesabu vibanio mara mbili."