Kivuli Kilicholala Kulia

Penye nia hapana njia. Pana lango, na langoni pana mtu. Ndivyo Waceke alivyowaambia wenzake asubuhi moja walipokuwa wakigeuza kahawa katika shamba la mzungu nje ya Ruiru, mwishoni mwa mwaka 1956. Kahawa ikishaoshwa hutandazwa juu ya vitanda vya waya, na lazima ipigwe na jua sawasawa. Ikiingiwa na kivuli upande mmoja, hukauka mabaka na bei huanguka. Kwa hiyo nyapara Wainaina alifurahi vivuli vya wafanyakazi vilipoanza kupotea.

Vilipotea wiki ile serikali ilipotangaza ni Waafrika gani watakaopiga kura. Aliyepewa kura moja alibaki na kivuli kimoja. Mwenye elimu, mali na utumishi serikalini alipewa kura tatu, akaota vivuli vitatu. Mkikuyu asiye na cheti cha uaminifu kwa serikali hakupewa kitu, na jua likawa linampita kama linavyopita kwenye kioo. Wainaina aliwakusanya wasio na vivuli akawaweka vitandani. Kahawa haikuwahi kukauka vizuri namna ile.

Jambo la pili lilichelewa kuonekana. Vivuli vilivyobaki viliacha kulifuata jua. Cha Kaleli, mzee Mkamba aliyelinda ghala, kililala kushoto kwake asubuhi, na jioni kilikuwa kushoto bado. Githinji, karani wa chifu, vyake vyote vitatu vililala kulia.

"Mwalimu," Kaleli akauliza, "hiki changu kina ugonjwa gani?"

Walimwita Waceke mwalimu, ingawa shule aliyofundisha, iliyojengwa na wazazi wenyewe, ilifungwa wakati wa Hali ya Hatari na milango yake ikatiwa katika kituo cha askari.

"Mzee, wewe unataka nini?"

"Mimi? Mashamba haya yagawanywe. Kila mtu kura moja, hata wewe. Na mshahara. Usinifanye nisahau mshahara."

"Basi kina afya. Anayetaka mambo yageuzwe, tena upesi, kivuli chake huenda kushoto. Anayetaka yabaki yalivyo, kwa kuwa yamemkaa vizuri, chake huenda kulia. Wa katikati wanataka yageuzwe, lakini polepole, chai isimwagike. Vyao viko chini ya nyayo. Huvioni mpaka wainue mguu."

"Na Githinji?"

"Githinji analima ekari za ndugu zake walio kizuizini. Ungekuwa yeye, ungelala upande gani?"

Kaleli alifikiri. "Kulia," akasema. "Na ningekoroma."

Wangeci, aliyekuwa ng'ambo ya kitanda, akacheka. "Kwa hiyo walioshiba wana vitatu, wenye njaa wana kimoja au hawana. Hata kabla hawajahesabu, najua giza litazidi upande gani."

Waceke hakucheka. Yeye aliitaka kura. Elimu iliyotakiwa alikuwa nayo. Kilichokosekana ni cheti, na muhuri wa cheti ulikaa mfukoni mwa Githinji.

Githinji alikuja shambani adhuhuri. Wainaina alimsihi asimame mbali na vitanda, kwa ajili ya kahawa, naye akalazimika kupaza sauti.

"Waceke, Jumamosi kuna baraza. Simama uombe radhi kwa yale uliyowafundisha watoto kuhusu ardhi. Sentensi moja tu. Nitakupigia muhuri hapo hapo, na siku ya kura utapanda basi uende Thika kama mtu."

"Kama mtu," Waceke akarudia.

"Mtu mwenye kivuli."

Alipoondoka, Wangeci akasema, "Ulimi hauna mfupa, mama Ngendo. Wape uongo wao, wakupe kura, kisha kaipige kushoto." Kaleli naye aliona ni shauri jema. Waceke aligeuza kahawa na shauri hilo mpaka Ijumaa, akaamua kwamba biashara ni ya haki: neno moja la uongo kwa kura moja ya kweli.

Baraza lilikaa katika kiwanja cha kijiji, kilichozungushiwa na serikali handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Watu walikuwa wengi na vivuli vichache. Chifu alikaa kitini. Githinji alisimama kando yake, muhuri mkononi. Waceke alivaa gauni lake la kufundishia, akasimama.

"Naomba," akasema.

Kivuli kikatoka visiginoni mwake, chembamba, kikinenepa kadiri alivyovuta pumzi. Waliokaa karibu walisogeza miguu kukipa nafasi. Waceke akakitazama. Kichwa kilikuwa chake, na mabega, na kitambaa cha kichwani. Kilikuwa kimelala kulia, sambamba na vile vitatu vya Githinji.

Aligeuka. Kikageuka naye, kulia bado. Pembeni ya umati Kaleli alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mgonjwa sokoni. Hapo Waceke akaelewa kwamba kura inayolipiwa kwa radhi huwa imekwisha kupigwa langoni. Thika angepeleka karatasi tu.

"Unaomba nini?" Githinji akamhimiza. "Maliza, mwalimu."

"Naomba maji ya kunywa."

Mtu fulani nyuma akakohoa ili asicheke. Wangeci akampitishia kibuyu. Waceke akanywa, akamshukuru, akaketi, na palipokuwa na kivuli pakawa na jua.

Mwezi wa Machi Kaleli alikwenda Thika na kivuli chake kimoja, akakipiga kushoto. Githinji alikwenda na vyake vitatu. Kulia kulizidi, kama Wangeci alivyosema. Waceke hakwenda. Alikuwa kwenye kitanda cha kahawa ya mwisho wa msimu wakati Githinji aliporudi na kusimama mbele yake, jua likiwa mgongoni mwa Waceke na vivuli vya karani vikiwa bado vimelala kulia, juu ya kahawa.

"Na ingekuwa sentensi moja tu," Githinji akasema. "Hata leo naipokea."

Waceke alizisogeza buni zilizoingiwa na kivuli, akazirudisha juani kwa kiganja.

"Ondoa vivuli vyako kwenye kahawa," akasema. "Radhi siombi."