Difu la Butiama

Itangazwe kwa wakazi wote wa Mukendo, na kwa watukufu watakaofika kwa miguu kutoka Buhare, kwamba Jumamosi hii, mwaka 1986, saa nne kamili asubuhi, Landrova ya ushirika wa pamba itafufuka.

Hyasinta wa kidato cha tatu aliliandika tangazo hilo kwa mwandiko wa bweni, akalibandika kwa uji kwenye mlango wa karakana ya baba yake mdogo, Silasi. Saa tatu mbuzi alikuja kulamba uji, akala na ufufuo.

Silasi hakujali. Vipuri vilikuwa vimeadimika, naye alikuwa amekwenda mpaka Butiama kung'oa difu la nyuma, lile kasha la gia linalozungusha matairi, kwenye gari lililokufa, akarudi nalo juu ya lori la ng'ombe. Landrova ikifaulu majaribio Bunda, ushirika ungemwajiri: mshahara, nyumba ya bati, jina. Isipofaulu, fundi wa Mwanza angechukua nafasi.

Hakuwahi kuingia darasani. Kwa hiyo alimtaka Hyasinta ahesabu meno ya gurudumu kubwa na dogo ndani ya kila difu, agawanye, aone kama matairi ya mbele na ya nyuma yatakwenda mwendo mmoja.

Matiko, dereva wa ushirika, alikuwa amekalia tairi bovu. "Msomi wa ugali wa yanga, unga wa njano wa msaada," alisema, "huko bweni mlikuwaga mnahesabu nini, kunguni?"

"Tulikuwaga tunahesabu madereva wasiojua kusoma kibao."

"Hesabu basi, mama mkubwa. Usije ukahesabu vidole vyako."

Alihesabu. Mbele, arobaini na saba kwa kumi. Nyuma, arobaini na sita kwa kumi na tatu. Huku karibu tano, kule tatu na nusu. Hata mbuzi wa asubuhi angeona. Kisha akamwona Matiko anavyocheka, akawaza gari likimgomea mbele za watu.

"La mbele na la nyuma, mwanangu," Silasi aliuliza, akijifuta mikono, "sawa?"

"Sawa, baba mdogo," alijibu, kama anayeitikia kutumwa maji.

Alilipenda jibu lake. Hakusema yamelingana, ameitikia tu. Padri mwenyewe angetafuta dhambi hapo akachoka.

Walifika Bunda vizuri, maana matairi ya nyuma ndiyo yaliyosukuma peke yake. Penye mizani ya pamba, ambapo wakulima walikuwa wamekalia magunia yao, meneja wa ushirika, Isidori, alimwambia Matiko aweke miguu yote minne, matairi ya mbele nayo yasukume. Barabara ilikuwa kavu, ngumu kama sakafu. Gari likawa maksai wawili kwenye jembe moja, mmoja anakimbia, mwingine anatembea. Matairi yalilia. Kitu kikapasuka chini, mafuta yakamwagika.

Hyasinta alicheka. Wakulima wakamfuata.

Lakini Isidori hakumtazama Matiko. "Silasi, shuka. Waambie hawa wewe ni nani."

"Mimi ni fundi, mzee."

"Nani?"

Silasi alitazama mafuta. "Mimi si fundi."

"Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Alirudia. "Fundi wa kunoa majembe," Matiko aliongeza, na magunia yakatikisika kwa kicheko. Kisha dereva na meneja wakaondoka kwa miguu.

Silasi aliinua gari nyuma kwa jeki, akachana shati lake, akafunga kipande kwenye propela, mtaimbo unaozungusha difu. Akamwambia Hyasinta na mkulima mmoja wazungushe matairi mawili pamoja, mzunguko mmoja tu. Alilala kwenye mafuta akihesabu kitambaa kinazunguka mara ngapi.

"Tatu na nusu," alisema. Wakahamia mbele. "Karibu tano."

Alitoka chini ya gari. "Hivi ndivyo nilikuwaga nahesabu kabla hujazaliwa. Leo nikaacha kwa sababu nina msomi. Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ukapata ngapi?"

"Baba mdogo, mimi nilisema sawa, sikusema—"

"Sijakuuliza ulisema nini."

Hyasinta alijitazama miguu. "Arobaini na saba kwa kumi. Arobaini na sita kwa kumi na tatu. Nilijua hayalingani kabla hujakaza nati hata moja. Nilitaka wamcheke Matiko."

Silasi alikifungua kitambaa kwenye propela.

"Na waliokucheka wewe," Hyasinta alisema, "mimi ndiye niliyewaanzishia."