Mstari wa Hita

Picha ya kwanza kutoka kwenye darubini ya angani ilifika asubuhi, na nyota zote zilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kamera ilikuwa imeshika barafu.

"Hita ya kuipasha kamera joto imekufa," alisema Tokunaga, mkuu wa chumba cha kuongozea darubini, akinyanyua simu. "Mzee Inaba na karakana yake iliyoitengeneza watanieleza leo."

Kuwabara Setsuko, anayetuma amri kwenye darubini, alihisi uso ukiwaka. Katika chumba hicho kila amri kwenye orodha huoneshwa kwa kidole na kusomwa kwa sauti kabla ya kutumwa. Jana wageni wa ng'ambo walikuwa wakitazama nyuma ya kioo, naye akaona haya kupaza sauti kama mfanyakazi wa stesheni ya treni. Alisoma orodha kimoyomoyo, akauruka mstari wa kuwasha hita, kisha akautia tiki pamoja na mingine.

Aliomba nguvu kimya kimya, akasimama.

"Mkuu, usimpigie Mzee Inaba. Hita ni nzima. Mimi sikuiwasha."

"Na hii tiki?"

"Niliitia mimi. Niliwaonea haya wageni."

Tokunaga alirudisha simu polepole. "Wageni wamekwenda zao, Bi Kuwabara. Barafu tumebaki nayo sisi. Haya, washa. Nataka wapishi wakusikie huko kantini."

Setsuko aliinama mbele ya wenzake, akauelekezea kidole mstari wa hita.

"Hita ya kamera, washa!"

Sauti ilimkatika katikati, ikabidi aanze upya.