Kamba ya Kutoka Butali

Saa nane na dakika tano, Jumanne ya tatu ya muhula, Erastus Osiako alifuta ubao na kuandika mada ya siku: Tabia Zisizo za Kawaida. Alikuwa akifundisha utangulizi wa saikolojia katika chuo kimoja mjini Kakamega, ghorofa ya pili, darasa la wanafunzi arubaini na watatu. Wiki mbili za kwanza alikuwa amewapitisha kwenye matawi: saikolojia ya makuzi, ya elimu, ya jamii, ya matibabu. Sasa walikuwa wamefika pale walipotaka kufika tangu mwanzo.

"Msiseme mwendawazimu," aliwaambia. "Semeni mtu anayeishi na ugonjwa wa akili."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa miaka arubaini hivi, mwenye leso na sweta ya kijani iliyotoboka viwiko. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefungwa kamba ya katani. Kamba hiyo ilimfuata kutoka kwenye ngazi, na kabla ya ngazi ilipita getini, na kabla ya geti ilikuwa imelala pembeni mwa barabara kuu ya Webuye, kilomita baada ya kilomita. Waendesha bodaboda walikuwa wameizoea tangu asubuhi. Bawabu alikuwa ameacha geti wazi kidogo ili isibanwe.

Mwanamke aliomba radhi kwa kuchelewa, akaketi safu ya nyuma. Msichana aitwaye Quinter alimsogezea kiti na kumchania karatasi mbili za kuandikia.

Erastus alikuwa amemtambua kabla hajaketi. Alikuwa dada yake, Awinja, aliyemfundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye jivu. Nyumbani kwao Butali alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya chumba cha nyuma ya jiko kwa miaka kumi na minne. Mitchel, mke wa Erastus, alikuwa ameambiwa kwamba wifi yake aliolewa Uganda.

Erastus aliendelea kufundisha. Alieleza kwamba tabia huhesabiwa si ya kawaida ikiwa ni nadra, ikiwa inakiuka kaida za jamii, ikiwa inamtesa mwenyewe, au ikiwa inamzuia kufanya kazi zake. Kisha akafika kwenye mfano. Kila mwaka alitumia mfano uleule, na siku hiyo hakuweza kuufikiria mwingine.

"Bi. A.," akasoma. "Mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na saba. Alisikia redio ikizungumza ukutani. Alikuwa akisimama barabarani kuyasalimia magari. Hatimaye alichoma shamba la miwa la jirani, eka mbili, ikabidi familia imzuie nyumbani kwa usalama wa wote."

Wanafunzi waliandika. Awinja akainua mkono.

"Redio ni kweli," alisema. "Magari pia ni kweli. Lakini hospitalini walikuwa wamempa dawa, na redio ilikuwa imeanza kushuka sauti. Miwa hakuichoma. Iliwashwa na kipande cha sigara cha ndugu yake, ambaye alikuwa amejificha huko mama asimwone akivuta. Watu walipokuja na hasira, ndugu akanyamaza. Mama akasema ni Bi. A."

"Rudia hapo kwa sigara," mwanafunzi mmoja aliomba. Awinja akarudia polepole.

Quinter naye akainua mkono. "Mwalimu, na huyo ndugu? Anasomwa katika tawi gani?"

Erastus alitazama ubao. 

"Hayo hayamo kwenye silabasi," alijibu.

Saa kumi darasa likaisha. Awinja alikunja karatasi zake, akashuka ngazi, akarudi kaskazini akikusanya kamba mkononi kadiri alivyotembea.

Jumamosi Erastus aliendesha gari hadi Butali akiwa na kisu kwenye mfuko wa koti. Alimkuta mama yake, Risper, akichambua mboga uani.

"Awinja alikuja chuoni," alimwambia.

"Najua. Jumanne alitoka asubuhi, usiku akarudi. Kamba haijakatika, kwa hivyo sikuona haja ya kukusumbua."

"Ameliambia darasa habari ya miwa."

Risper aliendelea kuchambua. "Aliwaambia ni wewe?"

"Alisema ni ndugu yake."

"Basi hajataja jina." Alitupa bua moja kando. "Mimi nilikuona siku ile, papa, mwanangu. Ulitoka kwenye miwa ukikimbia. Barua yako ya chuo ilikuwa imefika wiki hiyo. Yeye alikuwa ameshaharibika kidogo. Nilitoa yule aliyekuwa ameharibika."

Erastus aliingia chumba cha nyuma. Awinja alikuwa kitandani akisoma maandishi yake. Chini ya kamba, ngozi ilikuwa imechubuka, na safari ya Jumanne ilikuwa imeichubua zaidi. Erastus alipiga magoti, akatoa kisu.

"Ukikata, nitalala wapi leo?" Awinja aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Erastus aliiwaza nyumba yake ya Kakamega, chumba cha wageni chenye kitanda kilichotandikwa. Akawaza Mitchel akifungua mlango na kuuliza huyu ni nani. Akawaza jirani yao wa hapo Butali, Cleophas, mwenye shamba lililoungua, ambaye bado alikuwa akimwita daktari wetu. Alikaa pale magotini hadi miguu ikafa ganzi. Kisha akachana leso yake ya mfukoni kwa kisu, akaupitisha ukanda wa kitambaa kati ya kamba na ngozi, akaufunga vizuri.

"Asante," Awinja alisema. "Kile kitabu chenye ile sura ya nne, mimi sina."

"Nitakuletea."

Alimletea kweli, pamoja na kalamu mbili. Ofisi ya masomo iliandika jina la Awinja kwenye rejista, namba arubaini na nne, na katika jaribio la kwanza alipata alama za juu kuliko wote. Erastus alisahihisha karatasi yake mwisho kabisa, akiwa amefunga mlango wa ofisi, na hakuandika neno lolote pembeni.

Jumanne ya wiki ya tisa, baada ya kipindi, Quinter alimjia mezani. Nyuma yake wanafunzi watano walikuwa wamesimama na mabegi mgongoni.

"Mwalimu, huyu dada anatoka mbali sana. Tumeonelea tumsindikize leo mpaka kwao, tuwasalimie watu wake."

Awinja alisubiri mlangoni, akimtazama ndugu yake.

"Anajua njia," Erastus alisema.

Kisha akaenda mlangoni, akainama, akaiinua kamba iliyokatiza mlango kwa mikono miwili, juu kiasi cha kutosha, wanafunzi wakapita chini yake mmoja mmoja wakimshukuru, wakaenda makwao.