Ukuta wa Jikoni na Mchuzi wa Don Nibaldo

Ukuta wetu wa jikoni ulianguka tukiwa kwenye chai ya jioni. Uliangukia nje, ukaua kuku wawili wa jirani. Hakuna aliyenyanyuka mezani. Hapa Talca, mji uliozoea matetemeko, ardhi ikitikisika kidogo, mtu husubiri ipite kisha huendelea na mkate wake; anayekimbia atataniwa mpaka siku ya harusi yake. Mama alilitazama lile tundu, akaona nguo za jirani kwenye kamba, akasema, "Yasna, funika siagi, vumbi."

Tangu siku hiyo akawa msemaji wa maneno mawili matatu. Tulitundika turubai pale palipokuwa na ukuta, na upepo wa milimani ukawa unakula nasi.

"Mama, wenzetu wanalipia jiko lenye mandhari," nikamwambia.

Akaendelea kumenya viazi.

Ukuta ule ulijengwa na mkandarasi don Nibaldo Retamal. Kesho yake baada ya kuanguka alikuja na lori, akazoa kifusi chote, nasi tukamshukuru kwa wema wake. Siku tuliyomwomba ajenge upya ndipo akatutajia kifungu cha mkataba: nguvu isiyozuilika. Yaani likitokea jambo linalomzidi binadamu, mkandarasi hana lawama. Kwamba ndani ya ukuta mlikuwa na nondo au hamkuwa nazo, nani angejua? Kifusi alishakibeba mwenyewe.

Mkataba ulitaka ugomvi upelekwe kwa mwamuzi aliyekubaliwa na pande mbili, si mahakamani. Kwa hiyo tukakaa mbele ya mama mmoja mwenye miwani na mafua. Wataalamu wawili walibishana juu ya vipimo vya mtikisiko mpaka wote wawili nikawachukia sawasawa. Mimi nilijua kitu kimoja tu: mtikisiko ule ukiitwa nguvu isiyozuilika, kipupwe kingine tutakula na turubai. Mama alikuwa kando yangu, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi la wengine.

Nikamvuta mkono wakili wetu, kijana Quezada.

"Kaka, muulize kama alikimbia."

"Hilo si swali la kisheria, Yasna."

"Muulize tu. Wewe humjui."

Akakohoa. "Don Nibaldo, mtikisiko ulikukuta wapi?"

"Kwangu. Nakula."

"Ulitoka nje mbio?"

"Tena peku, nasikia!" nikadakia.

"Binti, nyamaza," akasema mwamuzi.

Lakini don Nibaldo alishaiva masikio. "Mimi nikimbie? Mimi Retamal? Kwa katikisiko kale? Mama mkwe wangu ana miaka tisini na hakutua hata kijiko! Mchuzi wenyewe haukumwagika! Akimbie nani, mtalii?"

Wakili wake akafumba macho.

"Rudia, tafadhali," mwamuzi akasema, akipangusa pua. "Mchuzi haukumwagika?"

"Hata tone!" akajibu kwa fahari. Kisha akajisikia mwenyewe. Akaketi polepole, kama gunia linalovuja.

Mwamuzi aliamua kwamba kisichoweza kumwaga mchuzi hakiwezi kuitwa nguvu isiyozuilika. Ajenge, na ajenge kabla ya mvua.

Nilingoja furaha. Nikaingoja kwenye ngazi, nikaingoja barabarani. Mama alisema, "Sawa," halafu akauliza kama nyumbani kuna mkate.

Don Nibaldo akaja, akajenga. Safari hii nondo niliziona kwa macho yangu, nene kama vidole gumba. Hatukusemeshana ila kwa salamu. Siku alipomaliza plasta, Mama akamwekea kikombe mezani, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kwako hunywa chai kwako, kesi au si kesi.

"Parachichi, don Nibaldo?"

"Kidogo, doña Edelmira. Ahsante," akamjibu Mama.

Vikombe vikaanza kugongana na visahani. Taa ikayumba. Mama akashika chai yake, nami nikashika yangu. Don Nibaldo aliutazama ukuta wake mpya, juu mpaka chini. Akatua kijiko, akanyanyuka, akatoka nje bila kofia.

Mtikisiko ukapita. Ukuta ulikuwa umesimama. Yeye alikuwa uani, kati ya kuku wa jirani, anatazama viatu vyake.

Utani nilikuwa nao tayari mdomoni, mtamu kuliko yote niliyowahi kutunga. Nikaumeza na chai.

"Mwite," Mama akasema. "Mkate wake unapoa."