Mtani wa Donatus

Siku ile mjinga alikuwa Thobias, na mwenyewe hakatai. Anaomba tu asizidishiwe.

Mwaka 1952 alikuwa mhudumu wa chumba cha wagonjwa wa akili, katika hospitali moja ya machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwaka wa nane huo wa kulala na mayowe masikioni. Dawa yake ilikuwa mzaha. Alimtania kila aliyeletwa na kucheka yeye kwanza.

Ndipo akaletwa Donatus, Mngoni. Mwamba uliporomoka shimoni ukamfukia ndugu yake. Tangu hapo, miezi mitatu, hajatamka neno. Thobias, Msukuma wa Mhunze, akafurahi: Wangoni ni watani zake. Na mtani msibani ana ruhusa hata ya kujilaza kaburini mpaka wafiwa wacheke. Basi akajilaza chali sakafuni, akafumba macho, akasema, "Wangoni nyie, mmenisahau huku chini."

Donatus hakucheka. Alipiga magoti, akaanza kuchimba. Alikichimba kifua cha Thobias kwa kucha, shati likachanika, ngozi ikafuata, huku akiita jina la ndugu yake. Walihitajika watu wanne kumtoa.

Alasiri Thobias, kifua kimefungwa bendeji, alishika kalamu aandike taarifa ya mgonjwa. Daktari alitia sahihi chochote alichoandika mhudumu, na aliyeandikwa "mkali" alipakiwa lori, kisha treni, hadi hospitali kubwa ya vichaa, Dodoma. Kutoka huko alikuwa hajaona aliyerudi.

Bernadina, mhudumu wa upande wa wanawake, akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Umeandika amekushambulia. Umeandika pia kwamba ulikuwa unacheza maiti?"

"Ondoa mkono, Mama Justa."

"Leo ndiyo kwanza ametaja jina la mtu, na leo ndiyo unamfukuza."

"Hukuchimbwa wewe."

"Alipochimba alikuta nini humo kifuani? Maana mimi sijawahi kuona kitu."

"Wewe nicheke tu. Miaka minane nawasikiliza hawa. Nikifika nyumbani, mtoto akikohoa namfokea. Huyu Mngoni nikimkuta hapa kesho, nitampiga. Nakwambia kweli, nitampiga."

Bernadina akaigeuza karatasi upande mweupe, akamsogezea.

"Basi andika jina lako, Baba Mabula. Humu ndani aliyeapa kumpiga mtu ni wewe peke yako."