Mzingo Sawa

Restituta alijifunza hesabu kwa kaka yake. Alikuwa darasa la tatu mama yao alipopooza miguu, akaachishwa shule ili abaki nyumbani kumhudumia. Kila jioni Hilary, aliyemzidi miaka minne, alirudi kutoka shuleni, akaketi naye karibu na jiko na kumfundisha alichofundishwa yeye mchana. Walipanga punje za mahindi kwenye ungo, wakajumlisha, wakatoa, wakafika mpaka kugawanya. Kisha Hilary akaenda sekondari ya bweni, na masomo ya Restituta yakakomea hapo. Tangu wakati huo kaka yake akisema kitu ni arobaini, kwake kilikuwa arobaini, wala hakuona haja ya kukihesabu tena.

Aliolewa Endasak. Mume alipofariki alirudi Tumati kwa baba yake, Mzee Joakimu, akalima naye na kumtunza miaka tisa ya uzee wake. Mzee alipoona siku zake zimekaribia alimwita mdogo wake, Bonaventura, akasema mbele yake kwamba shamba la korongoni ligawanywe sawa kati ya Hilary na Restituta. Wapo waliong'aka kusikia binti aliyekwisha kuolewa anapewa shamba, lakini Hilary hakuwa mmoja wao. Wakati huo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale pale kijijini, na ndiye aliyemtafutia dada yake kazi ya kupika uji na makande ya wanafunzi. Aliwaambia wazee kwamba neno la baba ni neno la baba, na kwamba kazi ya kupima wamwachie yeye.

Siku ya kugawa alikuja na futi kamba na vigingi. Shamba lenyewe lilikuwa na umbo la ajabu kidogo. Juu, kando ya barabara, ulipita ukanda mrefu mwembamba. Chini yake lilikuwapo eneo pana la mraba, na mwisho wake lilijaa kama tumbo, likifuata pindo la korongo. Hilary alisema ukanda wa juu uwe wa Restituta, kwa sababu uko karibu na njia na hatapata taabu kubeba mavuno. Sehemu ya chini ataichukua yeye. Ili pasiwe na manung'uniko, watazungushia kamba vipande vyote viwili mbele ya wazee.

Restituta mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Kipande chake kilikuwa mita mia moja arobaini kwa ishirini. Kukizunguka chote, mia tatu na ishirini. Kisha wakapima cha Hilary: pande tatu zilizonyooka, kila mmoja mita sabini, na ule upande uliojipinda, ambao Hilary aliupima taratibu, akiilaza kamba chini na kuifuatisha kigingi kwa kigingi. Upande huo ulitoa mia moja na kumi. Jumla, mia tatu na ishirini.

"Mia tatu ishirini, na mia tatu ishirini," Hilary aliwaambia wazee. "Sijapendelea mtu."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Bonaventura alimshika Hilary bega na kumwambia kwamba baba yake angekuwapo angefurahi. Restituta alitia sahihi karatasi ya makubaliano, akamshukuru kaka yake machozi yakimlengalenga.

Mwaka wa kwanza alivuna magunia manne. Hilary alivuna kumi. Restituta alipomweleza mshangao wake, kaka yake alisema udongo wa juu umechoka, unahitaji samadi. Basi msimu uliofuata alibeba samadi kichwani kutoka zizini, ndoo baada ya ndoo, wiki tatu mfululizo, mpaka shingo ikakakamaa. Alipalilia mara tatu pale wengine walipopalilia mbili. Akavuna matano. Wifi yake, mke wa Hilary, alisema kwa upole kwamba labda umri umeanza kumlemea, na Restituta akaamini. Alikuwa na miaka arobaini na sita, akaanza kujiona mzembe.

Mwaka wa tatu alihamia shuleni Mwalimu Sauda, binti wa wafanyabiashara wa Katesh, akapewa hesabu za darasa la saba alizokuwa akifundisha Hilary kabla kazi za ofisi hazijamzidi. Asubuhi moja Sauda aliwatoa wanafunzi wake nje, kwenye uwanja unaotazamana na jiko. Alikuwa na kamba moja aliyoifunga ncha kwa ncha. Aliwaambia wanne waishike na kuitanua iwe duara, kisha wengine waingie ndani. Waliingia wote, arobaini na watatu, na bado walipata nafasi ya kugeuka. Akawatoa. Akaivuta kamba ile ile iwe ndefu na nyembamba, akawaambia waingie tena. Safari hii waliingia kumi na wanne, wamebanana kama magunia kwenye lori.

"Kamba imepungua?" Sauda aliuliza.

Darasa likajibu kwamba haikupungua.

Restituta alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Makande yaliungua sufuriani, harufu ikamfikia, na hakusogea.

Mchana, watoto walipokuwa wakila, alimwita Sauda nyuma ya jiko. Alimweleza kwamba kuna vipande viwili vya shamba, bila kusema ni vya nani. Akamtajia vipimo vyote, maana hakuwa amesahau hata kimoja. Sauda alichukua kijiti na kuandika kwenye majivu. Mstatili ulikuwa rahisi: mia moja arobaini mara ishirini, mita za mraba elfu mbili na mia nane. Kile kingine alikigawa sehemu mbili. Kwanza mraba, sabini mara sabini, elfu nne na mia tisa. Kisha lile tumbo, ambalo, kwa vile upinde wake ni mia moja na kumi, alieleza kuwa ni nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita thelathini na tano. Alizidisha thelathini na tano kwa yenyewe, kisha kwa ishirini na mbili, akagawanya kwa saba, akachukua nusu yake: elfu moja mia tisa ishirini na tano. Alipojumlisha alipata elfu sita mia nane ishirini na tano.

Kijiti kilisimama. Sauda alikumbuka kwamba tarakimu zile alikwisha kuziona mahali.

"Mama Restituta, hivi vipimo umevitoa wapi?"

Sauda aliingia ofisini akarudi na daftari kuukuu la maandalio ya masomo, ambalo Mwalimu Hilary alimkabidhi pamoja na darasa. Alifungua ukurasa mmoja. Ilichorwa michoro miwili kwa kalamu ya bluu, mstatili mwembamba na mraba wenye nusu duara, na kando yake mia moja arobaini, ishirini, sabini, sabini. Chini yake, kwa mwandiko ambao Restituta aliujua kuliko wake mwenyewe, iliandikwa: mzingo sawa, eneo tofauti. Tarehe ilikuwa wiki mbili kabla ya siku ya kugawa shamba.

Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya. Sauda alimwonyesha, kwa sauti ya chini, kwamba hata mpaka ulichaguliwa, kwa sababu ni hapo tu mizingo miwili inalingana. Vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa kwenye daftari kabla havijapigwa ardhini.

Jumamosi alikwenda kwa Hilary. Alimkuta uani akitengeneza bomba la kunyunyizia dawa. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaletewa kigoda. Kisha akamtajia namba mbili tu: elfu mbili mia nane, na elfu sita mia nane ishirini na tano.

Hilary aliliweka bomba chini. Hakusema si kweli.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

Restituta aliwahi kuwaza kwamba Hilary ataona haya, au atakasirika, au atacheka na kusema amekosea. Swali lile hakuwa amelitarajia, na lilimuumiza kuliko samadi zote alizobeba.

"Ulianza wewe," alisema. "Sikujua kwamba uliacha makusudi."

Hilary alieleza kwamba kamba haikudanganya na kwamba Restituta mwenyewe ndiye aliyeshika ncha yake ya pili. Alisema ana wana watatu wa kiume, ilhali dada yake yuko peke yake, na mtu mmoja hahitaji shamba kubwa.

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningekupa," Restituta alijibu. Alikuwa akisema kweli, na Hilary alijua. Aliinama akaokota bomba lake.

Bonaventura aliitisha kikao pale pale shambani. Restituta hakulitaja daftari, maana Sauda angepata matatizo na mkuu wake. Alichukua kamba, akawaomba wazee waingie ndani yake ikiwa duara, kisha ikiwa imevutwa. Mara ya pili Bonaventura mwenyewe alikosa mahali pa kusimama. Hilary alikumbusha kwamba karatasi ilitiwa sahihi.

"Tulipima uzio," Bonaventura alisema. "Shamba hatukulipima. Kaka yangu alisema shamba."

Iliamriwa vigingi visogezwe chini, mpaka vipande viwe sawa kwa ukubwa, na Hilary akakubali bila kumtazama mtu. Wazee waliondoka wakidhani mwalimu wao amekosea hesabu, nao walimsamehe kwa hilo. Waliojua mengine walikuwa dada yake na Sauda tu.

Ilibaki kujua vigingi visogezwe kiasi gani. Sauda alikuwa tayari kupiga hesabu, lakini Restituta aliomba aelekezwe njia tu. Akajumlisha vipande vyote, akagawa kwa mbili, akatoa kile alichonacho, akagawanya kilichobaki kwa sabini, upana wa mraba wa Hilary. Alipata mita ishirini na nane na robo tatu. Sauda aliangalia, akamwambia amepata, ni sahihi kabisa.

Restituta alimshukuru. Kisha akageuza karatasi upande wa pili, akaanza tena kuanzia mwanzo, peke yake. Alipomaliza, akaomba karatasi nyingine.